Mnavu wa Mama katika Nyumba Isiyo na Mvua

Novemba 9, Jumapili

Mlango umefungwa leo baada ya ibada. Mchungaji alitaka kuomba mpaka jua lizame, mwenye funguo akakohoa mara mbili, mchungaji akasema amina.

Nyumba yenyewe ni makontena matatu yaliyounganishwa na kupakwa rangi nyeupe, juu ya kilima nje ya Isansa. Watu wa chuo walioleta mradi wanaiita Nyumba ya Anga. Wanataka kujua binadamu wakisafiri mbali kabisa angani, kusiko na shamba wala genge, wataotesha mboga gani na watakulaje bila kuchoka wala kugombana. Basi sisi tunajifanya tuko huko. Hatutoki mpaka katikati ya Machi, na ujumbe wa nje unacheleweshwa makusudi kama unatoka dunia ya mbali, wakati moshi wa jiko la jirani ungeonekana kama dirisha lingetazama upande huo. Kijijini wanasema tumekwenda kukirudisha kwao Kimondo cha Mbozi, lile jiwe lililoanguka toka angani.

Tuko watatu. Gwamaka ndiye kiongozi, injinia wa umeme, mtu wa Ileje, mrefu, na maneno yake huyatoa kwa kipimo. Rozi ni nesi, mzaliwa wa Tunduma, mpakani, huyo anaongea kwa niaba yetu sote. Mimi ni bibi shamba. Nimekabidhiwa bustani.

Kila mmoja aliruhusiwa kuingia na kitu kimoja cha kwao. Gwamaka kaja na taa ya kusomea. Rozi kaja na kitenge. Mimi nimekuja na chupa ya soda iliyojaa majivu, na ndani ya majivu zimo mbegu za mnavu wa mama.

Novemba 12

Bustani ina rafu nne zenye trei, taa za zambarau zinazofanya kila mtu aonekane mgonjwa, na mabomba yanayopitisha maji ya mbolea. Udongo hakuna. Ratiba ni rahisi: trei chache kila wiki, ili mboga zipishane na tule kidogo kidogo mpaka mwisho. Mchicha, chainizi, figili. Na mnavu, kama nitapata nafasi.

Niandike habari ya mnavu huu mara moja nisirudie. Mama alikuwa Mndali wa Isongole. Alipoolewa huku kwa Wanyiha alikuja na mbegu kwenye pindo la kitenge, akazimwaga nyuma ya jiko. Majani yake ni mapana kuliko ya mnavu mwingine, na ukiuchuma vidole vinanuka hadi kesho. Hakuwahi kuupanda kwa mstari. Alisema mnavu hupandwa na ndege. Wanakula matunda, wanadondosha wanapotaka, kazi yako ni kuulinda na mbuzi. Chupa ya majivu aliiweka kwa mwaka ambao ndege watachelewa.

Mama alifariki mwaka jana, kahawa ikiwa imeiva. Kaka yangu mdogo, Zabron, akapiga dawa ya magugu nyuma ya jiko ili apande maparachichi. Sijazungumza naye vizuri tangu siku hiyo. Ndiye aliyenibebea begi mpaka mlangoni hapa. Nilimwambia "baki salama" kama ninavyomwambia kondakta.

Novemba 15

Uji. Ugali, maharage ya pakiti. Ugali, dagaa wa pakiti. Rozi anahadithia ndoa ya shangazi yake, sehemu ya tatu.

Novemba 24, Jumatatu

Imenyesha.

Nilikuwa kwenye rafu, nimeshika trei mbili za wiki hii. Kwanza nilisikia upepo ukisugua bati, halafu matone makubwa yaliyoachana, ta, ta, ta, kisha yakaja yote kwa pamoja, tukawa hatusikilizani. Nilikwenda kwenye dirisha, nalo ni moja tu, dogo, kioo kinene kisichofunguka. Niliona vumbi linarukaruka. Harufu sikuipata. Harufu ya mvua ya kwanza Mbozi, ambayo hata mlevi ikimfikia hunyooka akatafuta jembe, imebaki nje.

Nilimkumbuka mama. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilitukuta kanisani, Jumapili kama ile ya kufungiwa. Mama alisikiliza bati kidogo, akamwangalia mwenzake wa benchi la mbele, na kabla ya baraka wanawake nusu walikuwa wameshatoka. Tulipanda mahindi na nguo za ibada. Mimi niliweka mbegu, Zabron alifukia kwa mguu, na mama alikuwa mbele akichimba na kuimba pambio lile lile lililokatizwa. Tope lilifika magotini. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Basi nilirudi kwenye rafu nikapanda. Sikumbuki kuamua. Nilijaza trei za wiki hii, nikajaza za wiki ijayo, nikajaza za Januari na za Februari, mchicha, chainizi, figili, nikaipindua na chupa ya mama juu ya rafu ya nne mpaka ikabaki tupu. Mvua ilipokatika nilikuwa natoka jasho na naimba. Nikageuka, nikamwona Gwamaka mlangoni anatazama pakiti tupu sakafuni.

"Umepanda zote?"

"Mvua imenyesha," nikasema.

Akatazama dari, akatazama mabomba, akanitazama mimi. Ni hapo nilipokumbuka kwamba mvua hiyo hainihusu.

Novemba 25

Nimejaribu kuziokota. Mbegu za mchicha ni kama chumvi. Nimeacha.

Novemba 26

Rozi kacheka mpaka kakaa chini. "Dada Tupo, yaani uko angani, unapandia mvua ya Isansa!" Gwamaka kaandika ripoti mistari miwili. Nimemwona bahili wa hata hasira. Afadhali angenifokea.

Desemba 3

Zimeota zote, pamoja na mnavu.

Desemba 19

Rafu zimejaa kijani mpaka taa hazionekani. Nikiingia asubuhi nakaa tu humo. Nikifumba macho, unyevu ule unafanana na wa nyuma ya jiko.

Desemba 25, Alhamisi

Krismasi ya mboga. Tumekula mchicha, tumekula chainizi, tumetafuna figili mbichi kwa chumvi kama karanga. Rozi alijifunga kitenge chake akaomba, akashukuru kwa malimbuko. Akasema ng'ambo ya mpaka, kwa Wazambia, mboga ya majani wanaiita umusalu, na mgeni akiletewa ugali bila umusalu anajua hakupendwa. Gwamaka kaongeza mara mbili.

Mnavu nimekataza. Nataka uchanue, uzae, nipate mbegu za kujaza chupa. Rozi kaushika majani kama anayepima kitambaa sokoni. "Mboga ya kutazamwa tu ndiyo mboga gani, mwaya?" Nikamwambia aondoe mikono.

Januari 6

Mchicha umekomaa wote kwa mkupuo. Tunakula asubuhi, mchana na jioni, tunakimbizana nao, na bado unatushinda. Majani ya chini yanageuka njano. Hili ndilo ambalo ratiba ilitaka kutuepusha nalo.

Januari 11

Mchicha umekwisha. Mbegu nyingine hakuna.

Januari 14

Mawingu. Huko nje mahindi lazima yanashangilia. Humu taa zinategemea paneli za jua, na jua halijaonekana tangu Jumamosi. Mvua inayolisha mkoa mzima inatunyima sisi chakula. Mama angecheka.

Januari 16

Ujumbe kutoka kwa Zabron. Ameruhusiwa mistari michache, na najua alivyo mvivu wa kuandika, kwa hiyo nanakili: "Dada, nimekwenda Isongole kwa mama mdogo Enesi kutafuta ule mnavu. Anasema wote sasa wanapanda mbegu za dukani, wa zamani haupo. Nilipopiga dawa nilidhani ni magugu, maana haukuwa kwenye mstari. Mama hakuwahi kuniambia. Samahani dada."

Mama hakumwambia kwa sababu mboga ni habari za wasichana. Mimi aliniambia kila siku. Nimesoma mara nyingi. Kwa hiyo ulimwenguni umebaki huu wa rafu ya nne, na mimi ndiye niliyeumwaga wote kwa siku moja.

Januari 20

Mnavu umetoa maua, meupe madogo. Rafu tatu zina visiki vya chainizi vinavyojaribu kuchipua. Hatujala jani kwa wiki nzima. Rozi haongei tena juu ya ndoa ya shangazi, na hilo ndilo linaloniogopesha. Gwamaka anakula ugali akitazama ukuta.

Januari 23, Ijumaa

Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Asubuhi Gwamaka aliingia bustanini na karatasi ya umeme. Akasema, "Betri hazijai. Rafu moja inazimwa leo. Ya nne."

"Ya nne ni mnavu."

"Najua."

"Zima ya kwanza."

"Ya kwanza ina chainizi inayochipua. Italiwa wiki ijayo. Ya nne ina mboga inayotazamwa. Watu wana njaa ya majani, Tupokigwe. Tuuchume, tuule, tuzime."

Nilisimama mbele ya rafu kama mtu anayezuia mlango. Nilimwambia hajui anachosema. Nilimwambia yeye ni mtu wa nyaya. Alinyoosha mkono taratibu kuelekea swichi, nikaupiga ule mkono, nikapiga kelele ambayo sidhani kama niliipiga hata msibani: "Mama yangu amekufa mara moja! Usimuue mara ya pili!"

Gwamaka alirudisha mkono. Akatoka. Niliketi sakafuni chini ya taa za zambarau nikalia kwa sauti, kilio kile cha kwetu cha kuita jina. Alipofariki sikulia vizuri. Nilikuwa na wageni wa kupikia.

Rozi alikuja akaketi kando yangu. Alisubiri mpaka nilipobaki na kwikwi.

"Mama yako alikuwa anauotesha huu mnavu wa nini?"

"Wa kula."

"Kuna siku mlilala bila mboga na mnavu uko nyuma ya jiko?"

"Hapana. Hata mgeni wa usiku alipata."

"Haya," akasema, akanipa ncha ya kitenge chake nifute kamasi.

Niliinuka nikauchuma mwenyewe. Niliacha shina moja, lenye maua mengi, nikalihamishia kwenye ndoo chini ya lile dirisha. Rafu ya nne nikaizima kwa mkono wangu.

Mnavu ukishachanua huwa mchungu, na mama angeuchemsha na kumwaga maji ya kwanza. Humu maji hayamwagwi, yanahesabiwa na kuzunguka. Kwa hiyo tumeupika na uchungu wake wote, kwa unga wa karanga na chumvi, Rozi kasonga ugali. Tonge la kwanza lilipogusa ulimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, moshi machoni, Zabron ananigombania ukoko, na mama anasema kuleni taratibu, upo. Nilitafuna huku machozi yananitoka, wala sikujificha.

Gwamaka hakunyanyua uso mpaka bakuli likaisha. Halafu akasema, "Bibi yangu alikuwa hamwagi maji. Alisema uchungu ndio dawa." Akaendelea. Alilelewa na huyo bibi kijiji cha pili kutoka Isongole, baada ya wazazi wake kwenda kutafuta maisha. Bibi alikuwa na mnavu wa majani mapana. Gwamaka alipokwenda kusoma Mbeya alipikiwa mnavu wa hoteli akaurudisha, wakamwita mwenye maringo. "Niliuonja leo," akasema, "nikajua kwa nini niliurudisha." Usiku huu pekee ametoa maneno mengi kuliko Novemba na Desemba pamoja. Kabla ya kulala aliniambia, "Samahani kwa swichi." Nikamwambia samahani kwa mkono.

Januari 24

Vidole vinanuka bado. Sinawi.

Februari 2

Shina la dirishani linarefuka na kupauka. Mawingu hayaachii. Maua mawili yamedondoka.

Februari 5

Maua mengine yamedondoka. Nimeigeuza ndoo ya shina. Nimeliongelesha pia, kwa Kindali kidogo ninachokijua. Rozi kapita, hakunicheka.

Februari 7

Nimeamka nikakuta taa ya kusomea imefungwa kwa waya juu ya shina, inawaka. Nimemuuliza Gwamaka umeme wake unatoka wapi. Kasema, "Upo." Kashika kikombe kaondoka.

Februari 10

Rozi kanipa siri. Kila mmoja wetu ana kipande chake kidogo cha umeme. Mimi nachemshia chai, Rozi anasikilizia kwaya, Gwamaka alikuwa anapashia maji ya kuoga. "Humsikii siku hizi bafuni? Anaguna kama ng'ombe anayevushwa mto!" Nilidhani anaimba. Baridi hii ya Mbozi, na mvua juu yake, injinia mzima anaogea maji ya tangi kwa ajili ya mboga.

Mtu niliyemwandika bahili mwezi wa kumi na moja nimemfuta. Nimempelekea kikombe changu cha chai. Kanywa.

Februari 19

Vitunda! Kijani, vigumu, kama vichwa vya pini kubwa.

Februari 28

Chainizi inachipua vizuri, jua limeanza kuchungulia. Tunakula majani kidogo kidogo kama ratiba ilivyokusudia. Rozi karudi kwenye ndoa ya shangazi. Kumbe mume wa tatu ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Machi 10

Vimeiva. Vyeusi, vinang'aa, laini. Nimekitoboa kimoja, mbegu zimejaa.

Machi 11

Ujumbe wa watu wa mradi, maagizo ya kufunga. Kila kilichoota humu na kisicholiwa kipimwe, kikaushwe, kichomwe. Mbegu, visiki, hata mizizi. Hakuna kitakachotoka mlangoni mkononi wala mfukoni, ili hesabu ya chakula isivurugike. Tutapekuliwa.

Nimewaandikia kuomba. Wamejibu kwa upole, kwamba wakiniruhusu mimi itabidi wamruhusu kila mtu. Wana haki. Nimelia kidogo, halafu nimesafisha mabomba.

Machi 13, Ijumaa

Rozi kajitolea. Kasema mtu wa Tunduma hashindwi kuvusha konzi ya mbegu, na akaanza kutaja mahali, nikamzuia alipofika mahali pa nne. Kisha tukamwona Gwamaka anasoma yale maagizo kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Imeandikwa kisicholiwa," akasema.

Tukamtazama.

"Kilicholiwa hakichomwi. Kilicholiwa kinapimwa kabla, kinaandikwa, basi." Akaweka maagizo mezani. "Bibi alikuwa anasema mnavu hupandwa na..."

"Na ndege," nikamalizia. Nilikuwa sijawahi kumwambia maneno yale.

Machi 14, Jumamosi

Asubuhi tulichuma matunda yote, Gwamaka akayapima na kuyaandika kwa mwandiko mzuri: matunda ya mnavu, yameliwa na Tupokigwe, kifungua kinywa. Wenzangu walikataa hata moja. Nilipofikisha la kwanza mdomoni Rozi akaniamuru kwa sauti ya wodini, "Meza. Usitafune." Matamu yale, na siyatafuni! Utotoni tulikuwa tunajipaka midomo nayo tuonekane mabibi harusi.

Mlango ukafunguliwa.

Harufu ilinipiga kwanza. Tope, majani ya mahindi, ng'ombe, moshi. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa, yale ambayo sikuyaona yakipandwa. Wakatupekua kwa adabu, wakakuta sina kitu. Gwamaka aliniaga kwa mkono ule nilioupiga, Rozi kwa kilio na namba tatu za simu.

Zabron alikuwa ananisubiri na mwavuli na mabuti yangu. Amekonda. Nilimkumbatia kabla hajasema kitu, akabaki ameshika mwavuli juu yangu, yeye analowa. Nyumbani alinipeleka moja kwa moja nyuma ya jiko. Maparachichi yamesimama mistari miwili, lakini katikati pana kiwanja kitupu, kimezungushiwa fito. Udongo umelainishwa.

"Hapa sijagusa tena," akasema. "Nilidhani labda utaota wenyewe. Kila mvua nakuja kutazama. Haujaota, dada."

Nilitamani kumwambia. Lakini ni mambo gani hayo ya kumwambia mdogo wako wa kiume.

Machi 15, Jumapili

Choo cha nyumbani sijakitumia. Nimetangulia kuamka, nikachukua jembe, nikaingia ndani ya fito. Majogoo ndiyo mashahidi. Nimefukia kwa mguu, kama Zabron alivyokuwa anafukia. Kisha imenyesha, na harufu yote ilikuwa yangu.

Aprili 5, Pasaka

Tumetoka kanisani tukapita nyuma ya jiko. Zabron alikuwa mbele. Akasimama ghafla, akachuchumaa na suruali yake ya ibada, akasogeza fito. Miche, mingi, imesongamana sehemu moja bila mstari, majani mapana. Alichuma jani moja, akalinusa.

"Dada," akasema, "nani kapanda?"

Nikamwambia, "Ndege."